Naomba ushauri: nianze na filamu ipi ya Conrad Veidt?

Habari zenu wadau. Naandaa kipindi kuhusu Conrad Veidt, mwigizaji wa filamu bubu aliyezaliwa Berlin mwaka 1893, kwa wanafunzi wa sekondari ambao hawajawahi kuona filamu isiyo na sauti. Muda unatosha filamu moja tu.

Nimewajaribishia wachache kipande cha Das Cabinet des Dr. Caligari (1920), pale Cesare, mhusika anayeigizwa na Veidt, amesimama wima ndani ya sanduku, anapofumbua macho taratibu. Wote walitulia tuli! Ila maandishi ya Kijerumani yalipokatiza picha, wakaanza kupiga soga. Nafikiria pia The Man Who Laughs (1928), aliyoigiza Marekani: mdomo wa mhusika wake umechanwa ukabaki na tabasamu, huku macho yanalia. Uso ule unaniliza mpaka leo.

Ningependa pia wajue kwamba mwaka 1933 aliihama Ujerumani ya Hitler pamoja na mkewe Myahudi, na baadaye akaigiza afisa wa Kinazi katika filamu ya Casablanca.

Kwa anayeanza, ipi inafaa kati ya hizo mbili? Na yale maandishi, niyasome kwa Kiswahili kama madijei wa vibanda vya video, au niyaweke chini ya picha? Natanguliza shukrani.