Msimamizi ananiuzia robo ya farasi jike mwenye mimba, anasema kodi yangu itashuka. Nishaurini

Zamu_ya_Usiku (Lexington, Kentucky)
Ndugu zangu, salamu. Nafanya kazi kwenye shamba la farasi wa mbio hapa Lexington, naangalia majike wanaokaribia kuzaa. Wakongomani wenzangu wa hapa wanaijua kazi hii: unapita banda kwa banda na tochi, na ukiona nta imeganda kwenye chuchu za jike, usiku huo huketi chini.

Sasa msimamizi wangu ananipa robo ya jike wa miaka 13, ana mimba, atazaa mwezi wa tatu. Wenye robo nyingine tatu wapo tayari. Matunzo ni dola 40 kwa siku, tunagawana. Anasema hata tukipata hasara, nitaikata kwenye mshahara wangu na IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) watanirudishia hela. Ni kweli? Na sheria gani nyingine nizijue kabla sijatoa pesa? Mke wangu ameshasema hapana, lakini hajanipa sababu.

Baba Eliya
Sababu hii hapa: 40 mara 365 ni dola 14,600. Robo yako 3,650 kwa mwaka, bado daktari, fundi wa kwato na bima. Msikilize mama watoto.

Mtoto wa Ngong (Nairobi)
Huku Ngong Racecourse mimi ni mtu wa kubeti tu. Kodi si inakatwa ukishinda?

Hesabu_Safi (Louisville, naandaa kodi za watu)
Mtoto wa Ngong, hiyo ni ya kamari. Huyu anataka kuwa mwenye farasi, ni habari nyingine kabisa.

Zamu, msimamizi wako amesema nusu ya ukweli, ile nusu inayouza. Sheria ya Marekani inawahurumia kidogo watu wa farasi. Biashara ya kawaida ikipata faida miaka 3 kati ya 5, IRS wanachukulia kwamba inatafuta faida kweli. Ya farasi ni miaka 2 kati ya 7. Usipofikisha hujashindwa bado, ila itabidi uthibitishe mwenyewe. Wataangalia kama mna akaunti ya benki ya peke yake, daftari la hesabu, mpango wa biashara, na kama mlibadilisha chochote mlipoona hasara. Wanaangalia pia ujuzi, na huo unao kuliko madaktari wa meno wanaonunua farasi ili wapige naye picha. Wakiamua kwamba ni starehe tu, mapato yanatozwa kodi na gharama haukati hata senti. Mlango huo ulifungwa tangu 2018.

Lakini wewe hutakwamia hapo. Mbia asiyefanya kazi ndani ya biashara, hasara yake haigusi mshahara. Inawekwa kando mwaka hadi mwaka mpaka upate pato la namna hiyohiyo au uuze sehemu yako yote. Kipimo kinachotumika sana ni saa 500 kwa mwaka. Usiku unaokesha na majike wa shamba unalipwa. Hizo ni saa za ajira, si za ubia wenu. Na jike wenu mnamlipia shamba limtunze. Saa 500 utazitoa wapi?

Bei ya kumnunua nayo inakatwa kwenye mapato yanayotozwa kodi. Jike aliyezidi miaka 12 anapoingizwa kwenye biashara, gharama yake inagawanywa kwa miaka 3 badala ya 7, na mali iliyopatikana baada ya 19 Januari 2025 inaweza kukatwa yote mwaka wa kwanza. Ni tamu kwa mtu mwenye mapato mengine ya farasi. Kwako itakaa kwenye karatasi.

Mkimuuza mtoto mnadani Keeneland akiwa na mwaka, faida ni pato la kawaida. Kile kiwango nafuu cha kodi ni cha farasi wa kuzalisha au wa mbio mliyekaa naye miezi 24 au zaidi, na hata hapo mlichokwisha kukata kinarudi kutozwa.

Dada Furaha
Mimi niko ofisi ya shamba jingine, karatasi ndiyo kazi yangu. Kwa Thoroughbred (aina ya farasi wa mbio tunayofuga hapa) lazima jike apandwe na dume mwenyewe, mbegu za kupandikiza hazikubaliki. Mtoto anapimwa DNA, anawekwa chipu, anaandikishwa Jockey Club, wanaotunza daftari la farasi hao. Wote siku yao ya kuzaliwa ni 1 Januari: akizaliwa 31 Desemba, kesho yake anahesabiwa ana mwaka mmoja, na wa kumnunua hayupo. Akifika uwanjani kuna leseni ya jimbo na kuandikishwa HISA, chombo cha kusimamia mbio kilichopewa mamlaka na sheria ya shirikisho; viwanja kilianza kuvisimamia Julai 2022, dawa Mei 2023.

Kentucky inatoza asilimia 6 juu ya ada ya dume (malipo ya kupandisha jike), na pesa hizo zinaingia kwenye mfuko wa kuwatuza wazalishaji farasi wao wakishinda. Sharti dume awe wa Kentucky na jike abaki jimboni tangu kupandwa hadi kuzaa. Na mzalishaji ni mwenye jike siku ya kuzaa.

Sasa swali: ada ya dume imelipwa? Mikataba mingi hapa ada inadaiwa mtoto akisimama na kunyonya.

Zamu_ya_Usiku
Hilo hakulitaja kabisa. Ngoja nimwandikie.

Zamu_ya_Usiku
Amejibu. Haijalipwa. Dola 15,000 na ile asilimia 6 juu yake, "wabia watagawana."

Baba Eliya
15,900 gawa kwa nne: 3,975 nyingine. Mama watoto umeshamwonyesha uzi huu?

Hesabu_Safi
Kumbe ndiyo maana anauza kabla ya Machi.

Dada Furaha
Kama bado unamtaka, bei ipungue kwa kiasi hicho, au muuzaji aandike kwamba ada ni juu yake, na jina lako liingie kwenye karatasi za jike kabla hajazaa. Ukingoja azae ndipo ununue, ada itakuwa imemwangukia muuzaji, lakini hutakuwa mzalishaji na tuzo za huyo mtoto usahau. Na usisaini kitu zamu ikiisha saa kumi na mbili asubuhi, ukiwa na usingizi.