Nataka kugawa vikasha vya kuokoa waliozidisha dozi huku Ujiji. Nianzie wapi bila kugombana na mtaa?

Binti wa Kibirizi

Wakuu, mwakeye.

Mimi ni mwanamke wa Ujiji, nauza samaki aina ya migebuka Kibirizi, Kigoma. Mwezi wa tatu tulimzika mdogo wangu, miaka 27. Unga (heroini) aliuanzia Dar kwenye kazi za mitumba. Ukoo ukajikusanya, tukamlipia nyumba ya upataji nafuu (sober), akakaa miezi mitano. Alirudi mashavu yamejaa, anaswali swala tano, mama akamchinjia jogoo.

Siku ya tisa akaenda kwa wenzake kule karibu na reli. Nilichokuja kuambiwa ni kwamba alijidunga kipimo kilekile alichokizoea zamani. Akaanza kukoroma. Wenzake wakajua raha imemkolea, wakamwacha. Midomo ilipogeuka rangi kama ya mtu aliyekula zambarau ndipo wakachachamaa. Mmoja kammwagia ndoo ya maji, mwingine kakimbilia maziwa dukani, wakamnywesha yakarudi kwa puani. Halafu wakatawanyika kwa kuogopa polisi, kasoro kijana mmoja aliyekuja kunigongea. Nilipofika, pakiti ya maziwa ilikuwa bado iko kifuani kwake, imebaki nusu.

Baada ya arobaini nikaanza kusoma. Nikajua kuna dawa inaitwa naloksoni inayoweza kumrudisha mtu wa namna ile, na kuna nchi wanawagawia watu mitaani. Mimi na wenzangu wawili wa kikoba tumechanga 280,000. Tunataka tutengeneze vikasha: hiyo dawa, mabomba mapya ya sindano, glovu, na karatasi yenye maelekezo.

Shida zangu. Famasi niliyoenda kijana kanitazama juu mpaka chini, kaniuliza cheti kiko wapi. Pili, sijui niwape akina mama wenye watoto wanaotumia au niwape vijana wenyewe. Tatu, mwenyekiti wetu wa mtaa kanijibu, "Kwa hiyo mnataka kutufungulia kijiwe?" Nikarudi nyumbani nikalia.

Naombeni ushauri, matusi nimeshayapata ya kutosha nyumbani.

Kobe Mzee

Pole sana dada. Inna lillahi. Sina la kushauri, nimekaa hapa kusoma.

Chuma cha Reli

Kwa heshima zote na pole kwa msiba, mimi nakupinga. Ukimwekea teja dawa ya kumfufua pembeni, umemkatia bima. Ataongeza kete akijua kuna mtu atamwamsha. Hizo laki mbili na themanini wapelekeni watoto yatima.

Nesi Isevya

Mwangaluka kutoka Tabora. Pole mdogo wangu. Nipo zamu ya usiku, nitaandika wodi ikitulia.

Usinunue naloksoni kwa mtu wa mkononi, hata akikuletea picha ya boksi. Ni dawa ya cheti, ya sindano, inayotaka kukaa pasipo joto wala mwanga. Shirika la Afya Duniani waliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 1983, na 2014 wakatoa mwongozo kwamba mtu yeyote anayeweza kushuhudia mwenzake akizidisha dozi apewe dawa hiyo na afundishwe kuitumia. Kwa hiyo wazo lako si la kihuni. Ila huku kwetu bado tumeizoea kama dawa ya hospitali. Hapa kazini kwangu wanaoishikilia ni watu wa nusukaputi kule chumba cha upasuaji, kwa ajili ya mgonjwa aliyelemewa na dawa kali za maumivu, mofini au pethidini.

Njia yako ni barua. Mwandikie Mganga Mkuu wa Manispaa, nakala kwa mfamasia wa manispaa na kwa mratibu wa afya ya akili. Usiombe ruhusa ya "kugawa dawa". Omba kituo kimoja cha afya kikubali kuimiliki hiyo dawa, kiwafundishe watu wenu na kuandika kila ampuli (kichupa cha dawa) imetoka kwa nani na imetumika lini. Dawa ikiwa na mwenyewe, hata polisi wana pa kuulizia.

Sasa kikubwa kuliko dawa. Mdogo wako hakufa kwa sumu ya tumbo ambayo maziwa yangeitoa. Unga unausahaulisha ubongo kupumua. Yule mkoromo mzito wenye mgugumio ndiyo dalili, pamoja na midomo na kucha kugeuka, na mboni ya jicho kuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Muiteni kwa sauti, msugueni mfupa wa kifua kwa vifundo vya ngumi. Asipoitika, mlazeni chali, kichwa kirudi nyuma, kidevu juu, bana pua, mpulizieni mdomo kwa mdomo pumzi moja kila baada ya sekunde tano. Mwingine atafute bajaji huku mnaendelea. Hiyo haihitaji shilingi wala cheti. Akishaanza kupumua mwenyewe, alazwe ubavu.

Msimnyweshe kitu, wala msimdunge maji ya chumvi (hilo nalo nimeletewa).

Nimeitwa, narudi.

Teja Mstaafu

Nimesoma hii nikiwa kwenye daladala nikashuka kituo kisicho changu.

Kwetu Kasulu, unga niliutumia Temeke miaka tisa. Sasa ni mwaka wa sita niko kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga. Nakunywa kikombe changu asubuhi mbele ya nesi, naenda kazini kama mtu yeyote. Muhimbili walipofungua kliniki ya kwanza ya methadoni 2011, maneno yalikuwa hayahaya ya mkuu Chuma cha Reli. Shirika la madaktari la Médecins du Monde walipoanza kutugawia mabomba safi Temeke, yakaja tena.

Mkuu, nikwambie kitu ambacho huwezi kukijua mpaka kikukute. Ile sindano ya kukuamsha haina raha. Inaukata unga wote nguvu kwa mkupuo. Unaamka unatapika, unatetemeka, arosto (maumivu ya kukosa unga) ya siku tatu imekuja ndani ya dakika moja, na pesa ya kete imeshapotea. Niliamshwa hivyo mara moja, nikamtukana aliyeniokoa mpaka wazazi wake. Nilikuja kumwomba msamaha mwaka uliofuata. Hakuna teja duniani atakayeongeza dozi ili apate kile kitu.

Dada, kilichomponza mdogo wako ni ile miezi mitano. Mwili ulishasahau, kichwa bado kinakumbuka. Wengi niliowazika ni wa hivyo, katoka jela, katoka sober, katoka kijijini kwa bibi. Wengine wamechanganya na valiamu au gongo. Kwa hiyo kama unatafuta wa kuanza nao, anza na waliorudi. Mtu akirudi, mkae naye mumwambie bila kumsuta: kama shetani atakupitia, usitumie peke yako, usirudie kipimo cha zamani, na wenzako wasitumie wote kwa wakati mmoja, abaki mmoja macho.

Na kikasha wape vijana wenyewe. Mama yupo jikoni, kijana anazimikia relini. Huyo aliyekuja kukugongea wakati wenzake wamekimbia, umeshamtafuta? Huyo ndiye wa kwanza kumfundisha.

Chuma cha Reli

Hilo la arosto sikulijua. Bado sikubaliani na mabomba, lakini nimekusoma.

Mtanganyika wa Ughaibuni

Niko Marekani. Huku shirika la Chicago Recovery Alliance walianza kuwagawia watumiaji wenyewe naloksoni 1996, wakati wakubwa wengi hawataki hata kusikia. Tangu 2023 kuna ya kupuliza puani inauzwa dukani bila cheti. Halafu Kazakhstan, Kyrgyzstan, Tajikistan na Ukraine, Umoja wa Mataifa waliendesha mradi uliofundisha watu zaidi ya 14,000. Hizo si nchi tajiri. Dada, nikija Desemba nikuletee za puani kumi?

Nesi Isevya

Ya puani ndiyo rahisi kwa mtu wa mtaani, mwenye nazo amebarikiwa. Lakini ndugu yangu wa Marekani, usizifiche kwenye begi kama simu. Dawa ina utaratibu wake wa kuingia nchini, waulize TMDA, mamlaka ya dawa, kwanza. Zikikamatwa Dar, atakayeitwa mfanyabiashara ni huyu muuza migebuka.

Tukirudi kwenye ampuli, maana ndizo mtakazopata. Ni kichupa cha kioo kidogo kuliko kidole chako cha mwisho, dawa miligramu 0.4. Huwa inang'ang'ania shingoni. Igonge kwa kucha ishuke, zungushia kitambaa, vunja kuelekea mbali na wewe. Nimeona watu wenye vyeti wakijikata. Sasa fikiria kijana anayetetemeka, gizani, tochi ya simu kaing'ata mdomoni. Ndiyo maana nasema wafundishwe kwa mikono yao. Mwombeni mwalimu ampuli za maji ya sindano wavunje mpaka wazoee. Inachomwa msuli wa paja, hata juu ya suruali nyepesi. Dakika mbili tatu asipoitika, ya pili, na pumzi msiache.

Akiamka asiachwe! Naloksoni inafanya kazi kama nusu saa mpaka saa moja na nusu, ikiisha unga uliobaki unaweza kumrudisha chini. Mkalieni saa mbili au mfikisheni hospitali. Kama alikuwa amelewa pombe au valiamu tu, haitamwamsha, lakini haitamdhuru.

Mke wa Askari

Swali. Hospitali hawatadai PF3, ile fomu ya polisi?

Nesi Isevya

PF3 ni habari ya majeruhi. Asiyepumua tunampa hewa kwanza. Kinachotuchelewesha ni ndugu. Wanamleta kijana wanasema malaria imempanda kichwani, tunahangaika na kipimo na sukari, kumbe jirani aliyebaki mlangoni anajua kila kitu. Semeni alichotumia. Mimi sijawahi kumwitia polisi mgonjwa wa hivyo.

Mwenyekiti Mstaafu

Binti yangu, nimekuwa mwenyekiti wa mtaa miaka kumi, Manispaa nyingine si hiyo yenu. Ulikosea mlango tu. Ulimwendea mwenyekiti peke yako ukamtajia sindano na mateja kwa sentensi moja, yeye akaona kura zinaondoka.

Kibirizi kuna watu wanazama? Wapo kila mwaka. Aliyezama naye anataka pumzi za mdomo. Nenda kwa mtendaji na wavuvi, sema mnataka mafunzo ya huduma ya kwanza kwa mtu aliyeacha kupumua, aliyezama na aliyezidisha dozi, wote darasa moja. Hakuna uongo hapo. Mwenyekiti mpe kufungua mafunzo, azungumze dakika ishirini, mvumilie. Imamu na mchungaji wakae mbele. Baada ya hapo hakuna atakayekuuliza habari ya kijiwe.

Mabomba yaacheni kwanza mpaka mpate kituo au asasi yenye kibali iwabebe. Mabomba yana maana, yanazuia virusi vya UKIMWI na homa ya ini, lakini ukikutwa nayo kwenye pochi wewe na mumeo mtalala mnajieleza.

Teja Mstaafu

Mzee umesema. Nyongeza: atakayesema anataka kuacha, Sekou Toure Mwanza kuna kliniki ya methadoni, huduma ni bure, gharama ni nauli na pa kulala. Namba ya Mamlaka ya kudhibiti dawa za kulevya ni 119, hailipiwi. Sehemu ya hiyo michango iwe nauli.

Binti wa Kibirizi

Nimerudi baada ya wiki tatu, samahanini, dagaa walikuwa wengi.

Barua nimepeleka, imegongwa muhuri. Mfamasia wa manispaa kaniita, kaniuliza maswali kama niko usaili, mwishoni kasema atamuuliza mganga mfawidhi wa kituo kimoja. Dawa bado sijaipata, nisiwadanganye. Mwenyekiti kafungua mafunzo. Si dakika ishirini, ni arobaini na tano. Wavuvi walikuja kumi na saba, vijana wa relini watano, wamekaa nyuma karibu na mlango kama watu wanaosubiri kukimbia. Yule aliyenigongea alikuja. Kwenye zoezi la kupuliza hakuna aliyetaka kuwa naye, basi nikalala chini mimi akafanyia mazoezi kwangu, kichwa nyuma, kidevu juu. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Hatukusemeshana.

Kikasha kimoja kipo tayari, kina glovu, kitambaa cha kupulizia na karatasi ya maelekezo yenye picha. Nafasi ya ampuli tumeiacha. Tumekubaliana kikae kwa mama muuza uji pale njia ya relini, maana anafungua saa kumi alfajiri na vijana wote wanamdai au anawadai. Amekubali bila maneno mengi. Aliuliza tu kama anaweza kukiweka kwenye rafu juu ya jiko, ndipo anapokiona vizuri.

Nimemwambia hapana mama, joto. Sasa kipo chini ya benchi, nyuma ya ndoo ya sukari.