Ioni ya oksijeni haina sumaku, inaamuaje mwelekeo wa spini za majirani zake?

Mwanafunzi wa Ubungo:
Shikamooni walimu. Katika oksidi ya manganisi (MnO), ioni mbili za manganisi zinazotenganishwa na oksijeni zimeachana kwa takribani angstromu 4.4, nayo fuwele ni kihami kisicho na elektroni huru. Hata hivyo, chini ya kelvini 118 hivi spini zake (sumaku ndogo za elektroni) hujipanga zikipingana. Mvutano wa kawaida wa sumaku kwa sumaku, kwa umbali huo, una nishati isiyofikia hata ile ya joto la kelvini 1. Nguvu hiyo inatoka wapi?

Mwalimu wa fizikia, Kigamboni:
Marahaba. Oksijeni ndiyo mshenga. Mwanafizikia Kramers alilipendekeza wazo hili mwaka 1934, na mwenzake Anderson akalijenga kuanzia 1950. Obitali (nafasi ya elektroni) ya p ya oksijeni ina elektroni mbili ambazo, kwa kanuni ya Pauli, lazima spini zake zipingane. Manganisi ina elektroni tano katika obitali zake za d zenye spini za mwelekeo mmoja, kwa hiyo inaweza kupokea tu elektroni yenye spini iliyo kinyume. Mmoja wa jozi akiegemea kushoto, mwenzake anayeegemea kulia atakubaliwa tu iwapo manganisi ya kulia inapingana na ya kushoto.

Mwanafunzi wa Ubungo:
Nashukuru sana. Na pembe ambayo ioni mbili hufanya kwenye oksijeni ikiwa nyuzi 90?

Mwalimu wa fizikia, Kigamboni:
Hapo kila ioni hushika obitali yake ya p, na kanuni ya Hund (elektroni za obitali tofauti hupendelea spini za mwelekeo mmoja) ndani ya oksijeni huelekeza spini za ioni hizo upande mmoja, ingawa kwa nguvu ndogo. Hizi ndizo kanuni za Goodenough na Kanamori.

Mtafiti, Mbezi:
Naomba niongeze habari za jirani wa jirani, yaani atomi nyingine iliyofungamana na oksijeni, ambaye mafunzo mengi humpita kimya kimya. Katika CuGeO3, oksidi ya shaba na gerimani, pembe kwenye oksijeni ni takribani nyuzi 98, lakini spini za shaba zinapingana waziwazi. Mwaka 1996 Geertsma na Khomskii walieleza kwamba gerimani, iliyofungamana na oksijeni hiyo kutoka ubavuni, huzifanya obitali zake mbili za p zisilingane tena, na hapo upinzani wa spini hupata nafasi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Sr2CuTeO6 (yenye teluri) na Sr2CuWO6 (yenye tungsteni), oksidi za shaba ambazo muundo wake unakaribia kufanana kabisa, shaba zikiwa zimepangwa kwa miraba. Teluri, ambayo obitali zake za 4d zimejaa, huacha mwingiliano mkuu wa spini uwe kati ya shaba zilizo kwenye upande mmoja wa mraba. Ukiweka tungsteni, ambayo obitali zake za 5d ziko tupu na huchanganyika na zile za oksijeni, mwingiliano mkuu huhamia kwenye ulalo wa mraba, ukipita katika tungsteni yenyewe.