Ukisaini makubaliano ya kukiri kosa, rufaa ndio basi?

Ummu_Swaleh:
Jamani wanaojua sheria naomba mnisaidie. Mdogo wangu yuko rumande hapa Mombasa tangu mwaka jana, kesi ya wizi wa mabavu, alishikwa na simu ya mtu. Sasa wakili kaja na karatasi za makubaliano na upande wa mashtaka, akikubali kosa la kushika mali ya wizi basi lile la mabavu linaondolewa. Mimi nilishukuru Mungu maana mabavu mnajua ni hukumu ya kunyongwa, lakini kuna mahali pameandikwa anaachilia haki yake ya kukata rufaa na hapo ndipo amekwama, ananiuliza dada nikisaini halafu nipigwe miaka kumi nitaenda wapi? Kortini ni wiki ijayo.

Bin_Kitauni:
Pole dada. Si kwamba mlango umefungwa wote. Sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai, kifungu 137L, inasema adhabu ya makubaliano ni ya mwisho ila bado unaweza kukata rufaa kuhusu ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Anachoachilia ni kwenda kule juu kusema "mimi sikushika hiyo simu". Hiyo miaka kumi anaweza kuilalamikia. Na ajue kushika mali ya wizi kifungo kinaweza kufika miaka 14, anayekata ni hakimu, kwa hivyo kama kuna mtu amemuahidi miaka fulani amuulize imeandikwa wapi.

Sauti_ya_Rumande:
Mimi hii kitu inaniuma kusema kweli. Katiba 50(2)(q) inampa kila aliyehukumiwa haki ya kukata rufaa, na ibara ya 25 inasema haki ya kesi ya haki haipunguzwi, sasa mtu amelala rumande mwaka mzima bondi imemshinda halafu unamwekea karatasi mbele unasema ni hiari yake, hiari gani hapo? Atasaini chochote aone jua. Kama kweli hakufanya asisaini dada, wacha walete mashahidi wao.

Bin_Kitauni:
Uchungu wako naujua ndugu, lakini anayekabili kitanzi ni huyo kijana, si sisi. Kama ushahidi wa mabavu ni mzito asikatae kwa hasira. Kuna kinga pia: kabla makubaliano hayajaandikwa hakimu lazima amwapishe na kumuuliza yeye mwenyewe kama ameelewa, hata hilo la rufaa lazima aelezwe (137F). Kama kizungu kinamchanganya aombe mkalimani, halipi. Asiitikie tu ndiyo ndiyo. Ikija kujulikana alidanganywa, anarudi mahakama hiyo hiyo kuomba yafutwe. Na tangu kesi ya Adan ya 1973 mahakama za juu zinaangalia kama shtaka lilisomwa kwa lugha anayoijua na kama alikubali maelezo yote, maana wengine wanakubali kosa halafu wanasema "lakini nilinunua sikujua ni ya wizi", na huko si kukiri.

Kijana_wa_Lamu_Minnesota:
Huku Marekani mambo ni magumu zaidi, kwenye kesi za serikali kuu wengi wanasaini kuachilia hata rufaa ya kifungo chenyewe. Ila 2019 Mahakama ya Juu ilisema, kesi ya Garza, mteja akimwambia wakili apeleke notisi ya rufaa wakili lazima apeleke hata kama alisaini. Na walio na greenkadi waulize kwanza habari ya kurudishwa kwao, wakili ana wajibu wa kuwaambia tangu kesi ya Padilla 2010.

Ummu_Swaleh:
Allah awalipe. Kumbe rufaa ya kifungo ipo, hilo wakili hakulisema kabisa. Na akikata, wanaweza kumuongezea?

Bin_Kitauni:
Ndiyo, High Court ina uwezo wa kuongeza, kwa kawaida wanamuonya kwanza aamue kama ataendelea. Siku ni 14 tangu hukumu, msizichezee. Na siku ya kusomewa adhabu wakili aombe muda wa rumande uhesabiwe, kifungu 333(2), mahakimu wengine wanasahau na hiyo peke yake ni sababu ya rufaa.