Mjadala: Reli inapokata barabara Changamwe, tujengewe daraja au mageti yatosha?

Mkaazi wa Changamwe (mwenye mada)

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Naleta jambo hili kwa sababu limetugawa mtaani. Pale reli ya zamani inapokata barabara, wengine twataka daraja, magari yapite juu na treni ipite chini. Wengine wasema ziwekwe taa, mageti na mlinzi, basi. Mimi nataka daraja. Nitaeleza, kisha mnijibu.

Wiki mbili zilizopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa pale nangoja matatu. Kijana wa mkokoteni wa maji akaingia kwenye reli na mitungi 20 ya lita 20, yaani kilo 400 za maji matupu. Baina ya chuma cha reli na lami pana mfereji wa kupitisha ukingo wa gurudumu la treni, upana wake kama vidole vinne. Gurudumu la mkokoteni likadumbukia humo. Akavuta, wapi! Tukasikia honi. Mama wa mahamri akaacha karai motoni akaja kusukuma, makanga wakaruka kutoka kwenye magari, tukaupindua mkokoteni mzima pamoja na maji yake. Treni ikapita sisi tuko hatua tatu kando, miguu imelowa. Kijana akaketi ukingoni akawa anahesabu mitungi iliyopasuka. Saba.

Treni haisimami kama matatu. Chuma juu ya chuma kinateleza, na mabehewa yaliyojaa mzigo yakishika kasi yanahitaji mamia ya mita, wakati mwingine hata kilomita nzima, ndipo yatulie. Dereva akikuona ameshachelewa. Nairobi mwaka 2013, pale Mutindwa, treni iligonga basi la abiria asubuhi, wakafa watu zaidi ya 10.

Reli hii ilianza kujengwa hapa hapa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901. Hapakuwa na trela wala tuktuk. SGR, ile reli mpya iliyofunguliwa 2017, ilipojengwa ilipandishwa juu ya nguzo na matuta ili isikutane na barabara. Maana yake wajuzi walishakubali kwamba treni na gari havifai kukutana usawa mmoja. Tena reli hii ya zamani ilipangwa kubeba abiria baina ya kisiwani na stesheni ya SGR ya Miritini. Treni zikiongezeka, itakuwaje pale?

Dereva wa trela, Miritini

Kaka, poleni kwa hiyo asubuhi. Lakini mimi nimeshika usukani wa trela miaka kumi na tisa, na hilo daraja lanitia hofu kuliko reli yenyewe.

Hesabu nami. Treni yahitaji nafasi ya kama mita 6 juu ya reli. Weka unene wa daraja lenyewe, barabara inapanda mita 7 na nusu. Trela yenye kontena iliyojaa haipandi ukuta: ukitaka ipande kwa usalama, mwinuko usizidi mita 5 kwa kila 100. Basi ni mita 150 za kupanda na 150 za kushuka. Hizo mita 300 ziko wapi pale, na maduka yamebanana hadi kwenye mtaro? Wakikosa nafasi watafupisha. Wakifupisha, trela itakwama katikati ya mlima, au ikishuka breki zitatoa moshi, na jam itafika Kibarani.

Tangu mizigo irudishwe kutolewa hapa bandarini, Septemba 2022, badala ya kupelekwa kwanza bara kwa treni, trela zimejaa tena barabarani. Ukifunga njia hii kwa miaka ya ujenzi, tupite wapi? Geti na mlinzi vyaweza kuwekwa mwaka huu huu.

Na asije mtu na njia ya kupita chini ya reli. Mvua za mwisho wa 2023 sote tuliziona. Shimo kama hilo litakuwa bwawa.

Kijana wa tuktuk

Geti lilikuwapo zamani. Lori likaligonga, likabaki nguzo moja, mlinzi akahamishwa. Ndiyo yaliyopo mpaka leo. Tairi langu la mbele limeingia kwenye ule mfereji mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na wanafunzi watatu nyuma. Geti bila mtu wa kulitunza ni chuma chakavu.

Bibi wa Chaani

Wanangu, mimi sijui hesabu za mwinuko, ila hizo mita 150 za dereva zapita jikoni kwangu.

Nyumba yangu i hatua arobaini kutoka relini. Nyumba ni yangu, ardhi si yangu. Nalipa kodi ya ardhi kwa mwenye shamba tangu marehemu mume wangu yu hai, na risiti ninazo kwenye sanduku. Wengi wetu tuko hivyo, tumejenga udongo na mawe juu ya ardhi ya mtu mwingine, tukazaa, tukazika. Wakija wapimaji, mwenye hati ndiye atakayeitwa. Mimi nitaambiwa nivunje mabati nihame kabla ya mwisho wa mwezi. Daraja nimelipenda, nina wajukuu wanaovuka pale kila siku. Lakini mniambie kwanza, nitalala wapi?

Mtu wa Likoni

Sisi wa kusini kila siku twavukia feri. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilizama Mtongwe, wakafa watu 272, na daraja la kuvusha magari hadi kisiwani bado hatuna. Pesa za daraja zikipatikana, foleni ina wenyewe.

Mkaazi wa Changamwe

Ndugu wa Likoni, haki yenu siipingi. Lile ni daraja la kuvuka bahari, gharama yake na hili la kuruka reli mbili ni mbingu na ardhi. Kutungojesha sisi hakutawavusha nyinyi mapema.

Bibi, wewe ndiwe umenikosesha usingizi. Ibara ya 40 ya Katiba ya 2010 yataka mtu anayechukuliwa mali yake alipwe fidia ya haki, tena kwa haraka. Kifungu chake cha nne chaongeza kwamba fidia yaweza pia kutolewa kwa wanaokaa kwenye ardhi kwa nia njema bila kuwa na hati. Angalieni neno hilo, “yaweza”. Yaruhusu, hailazimishi. Basi hilo liandikwe kabla mpimaji hajachomeka kigingi cha kwanza: mwenye nyumba bila ardhi alipwe nyumba yake, na mwenye kibanda alipwe kibanda chake, kwa orodha itakayosomwa hadharani barazani. Lisipoandikwa, mimi niliyeanzisha mada nitasimama nawe kulipinga daraja. Risiti zako zitoe sandukuni, zipigwe nakala.

Dereva, hesabu yako nimeikubali. Lakini daraja si lazima likae palepale penye kivuko. Changamwe si tambarare. Penye reli iliyo chini kuliko ardhi ya kando, barabara haihitaji kupanda mita 7 na nusu zote, na nyumba zitakazoguswa zitapungua. Wahandisi waanze kwa kutafuta mahali kama hapo. Geti nalo liwekwe sasa, na mtu wa kulitunza, wakati tunangoja.

Kuna jambo jingine ambalo nilikuwa sijaliona nilipoandika mara ya kwanza. Jana nilimtafuta yule kijana wa maji nikamuuliza kama angepita darajani. Alinitazama kama nimemtukana. Kilo 400 kwa mikono, mita 150 za kupanda! Atarudi relini tu. Na mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani atarudi relini pia, hasa tukijengewa ngazi kama zile zinazojengwa penginepo, ambazo watu huziacha wakapita chini yake. Kwa hiyo hata daraja likija, kivuko cha miguu na mikokoteni kibaki, magari yazuiwe kwa nguzo, na ule mfereji uzibwe kwa mpira maalumu wa reli, ambao gurudumu la treni huubonyeza likapita na mkokoteni hupita juu yake bila kuzama. Huko nje hutumika, na bei yake haifanani na ya daraja. Hili laweza kuombwa kesho.

Jumamosi nitakaa pale kutoka alfajiri hadi saa nne, kando ya mama wa mahamri, nikihesabu kila kinachovuka: trela, tuktuk, mikokoteni, watoto wa shule, na treni zenyewe. Tukiitwa barazani nataka tuwe na hesabu mkononi. Kijana wa tuktuk, ukiweza njoo ukae upande wa pili wa reli na daftari, kwa sababu peke yangu sitaona pande zote mbili treni ikipita katikati.