Mjadala: Je, kairopraktiki ihesabiwe kuwa kinga ya wazee kuanguka?

Mtoa mada

Wadau, salaam. Naishi Marekani na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao, kazi inayofanywa na Waafrika Mashariki wengi huku. Wazazi wetu nao sasa wanazeekea huku huku, na kila familia haikosi jamaa wa kuuliza: mbona humpeleki bibi kwenye kairopraktiki, ile tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, asije akaanguka?

Msimamo wangu nautoa mapema. Mzee akiumwa kiuno, tiba hii ina nafasi yake. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitaja tiba ya mgongo kwa mikono kati ya njia zinazoweza kutumika kwa maumivu sugu ya kiuno, ingawa lilisema ushahidi wake ni hafifu. Ninachopinga ni kumuuzia mzee tiba hiyo kama kinga ya kuanguka, wiki nenda wiki rudi, bila mazoezi na bila mtu kuuliza anameza dawa gani.

Hapa Marekani, zaidi ya mtu 1 kati ya 4 wenye miaka 65 na kuendelea huanguka kila mwaka. Nyonga ikivunjika, wengi hawarudii hali yao ya zamani. Nimewavalisha soksi wazee waliokuwa wakipalilia bustani zao miezi michache tu kabla.

Wanaoitetea tiba hii hutaja utafiti wa New Zealand uliochapishwa mwaka 2016. Wazee 60 walifuatiliwa kwa wiki 12, kundi moja likipata kairopraktiki na jingine likiendelea na matunzo ya kawaida. Waliotibiwa walihisi vizuri zaidi mguu wao umekaaje kwenye kifundo, na walikuwa wepesi zaidi kupiga hatua walipoashiriwa. Siyadharau matokeo hayo. Lakini kuwa mwepesi kwenye kipimo ni jambo moja, na kuanguka mara chache nyumbani ni jambo jingine, na hilo la pili silo lililopimwa pale.

Nchi hiyo hiyo ndiyo iliyotupa programu ya Otago: mazoezi ya nyumbani ya nguvu za miguu na kusimama imara. Ilijaribiwa kwa wanawake 233 wenye miaka 80 na zaidi, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1997 yalionyesha kuwa waliofanya mazoezi hayo walianguka mara chache kuliko wenzao wasioyafanya. Mwaka 2019, tathmini ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, ilikusanya tafiti 108 zenye watu zaidi ya 23,000 na kukuta kuwa mazoezi yanapunguza kuanguka kwa asilimia 23. Hao walihesabu maanguko yenyewe.

Sasa njoo kwenye pesa, maana hapo ndipo panaponiuma. Tangu sheria ya mwaka 1972, Medicare, bima ya serikali ya wazee, inamlipa mtaalamu wa kairopraktiki kwa kitu kimoja: kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Akimpima mzee mwendo, akamfundisha mazoezi, akakaa naye kupitia dawa zake, halipwi. Yaani sheria inalipia kile chenye ushahidi mdogo kuhusu kuanguka, na inakiacha kile ambacho kingemsaidia mzee. Tena haigharimii matibabu ya kumfanya mzee abaki alivyo tu bila kupata nafuu zaidi, kwa hiyo mzee anayeambiwa aje kila wiki maisha yake yote anatoa mfukoni mwake.

Kumekuwa na muswada bungeni Washington wa kutaka Medicare ilipie huduma zote ambazo leseni ya wataalamu hawa inaziruhusu. Mimi nitauunga mkono kwa sharti moja: malipo ya kuzuia kuanguka yafungwe kwenye kupima mwendo na kufanya mazoezi, si kwenye idadi ya mara mgongo ulivyolia "ko!". Nyie mnaonaje?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, takwimu zako sina ugomvi nazo, ila umeyapita maumivu haraka mno. Mama yangu alikuwa hawezi kugeuza shingo. Akitaka kuvuka barabara anageuka mwili mzima kama anayesukuma kabati, anapepesuka. Tangu atibiwe anatazama kushoto na kulia kama sisi. Mtu mwenye maumivu anakaa kitini kutwa, miguu inaisha nguvu, halafu siku akiinuka anakwenda chini. Kumtoa kwenye maumivu si kinga?

Na jambo la pili. Daktari wake ana dakika chache, macho kwenye kompyuta. Wa kwanza kumuuliza "mama, umewahi kuanguka mwaka huu?" alikuwa huyo huyo wa kairopraktiki. Msimfungie mlango mtu anayewasikiliza wazee wetu.

Mchangiaji wa pili

Nachangia kutoka Mombasa, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Huku wapo vijana wanaowageuza watu shingo kwa nguvu mpaka zilie, baada ya kutazama video tu, hawana chuo wala leseni. Mzee mwenye mifupa iliyolika, au aliyetumia prednisolone (dawa ya steroidi inayodhoofisha mifupa) muda mrefu, au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, haguswi hivyo. Shingo ndiyo kabisa, kuna mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo.

Kabla hujampeleka popote, mpime nyumbani. Mkalishe kwenye kiti chenye mikono, awe na viatu vyake na mkongojo wake kama anao. Mwambie ainuke, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi, akae. Ikifika sekunde 12 au zaidi, mpeleke hospitali achunguzwe. Mtazame hasa anapogeuka, wengi hapo ndipo wanapoyumba.

Mtoa mada

Bwana wa Mombasa, ahsante sana. Kipimo hicho nakifanya kazini na ni kweli kuhusu kugeuka.

Ndugu wa kwanza, nakubaliana nawe: maumivu yanachangia kuanguka, na nafurahi mama amepona shingo. Ninachosema ni kwamba maumivu yakishapungua, ndipo mazoezi yanapoanza. Ameshasimama jikoni akashika sinki na kunyanyua visigino? Huyo mtaalamu anayemsikiliza ndiye angefaa kumwanzishia, na ndiyo maana nataka alipwe kwa hilo.

Pia yapo mambo ambayo hakuna mikono ya mtu itakayoyafikia. Kuondoa mtoto wa jicho kwenye jicho la kwanza kulipunguza kuanguka kwa asilimia 34 katika utafiti wa Uingereza wa mwaka 2005. Kuacha taratibu dawa za usingizi na nyingine zinazoathiri akili, chini ya uangalizi wa daktari, kulipunguza kwa asilimia 66 kule New Zealand mwaka 1999, ingawa wengi walizirudia baadaye. Presha nayo ipimwe akiwa amelala, kisha akiwa amesimama.

Basi niambie: mama anapewa dawa gani usiku, na akiamka kwenda msalani huwa anapata kizunguzungu?