Mwasumini wa ukutani: majani tele, ua hata moja hakuna

UaLaUani
Salaam wanabustani. Nina miasumini miwili kwenye ukuta wa uani, Nyali, Mombasa. Mche wa kwanza ulitoka kwenye vitalu vya kando ya barabara Nairobi, una mwaka na nusu. Umeparamia waya hadi mita tatu hivi, majani yamefunga, lakini haujatoa ua hata moja. Wa pili ni wa hapa hapa pwani, maua unatoa machache, ila majani machanga yanatoka ya manjano. Jua wanapata kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Mbolea ni CAN (kalsiamu amonia naitreti), kijiko kimoja kila mwezi kwa kila shina, na maji ni ya kisima kila jioni. Nikate, niongeze mbolea, au nibadilishe udongo?

BabaShamba
Umanjano ni njaa tu. Mwagia majivu ya jikoni kopo moja kila shina, CAN ongeza iwe vijiko viwili. Usipoona ua baada ya miezi miwili, kata.

Kitalu_Kilifi
BabaShamba, samahani, lakini majivu kwenye udongo wa pwani hapana. Chini ya Nyali ni mawe ya matumbawe, yaani chokaa tupu. Chokaa ikizidi, chuma kilichomo ardhini hujifunga na mizizi haiwezi kukinyonya hata kiwe kingi. Majivu nayo yanaongeza hali ile ile, na CAN ina chokaa ndani yake. Hapo utakuwa unamlisha mgonjwa kinachomuumiza.

UaLaUani, kabla ya kushika mkasi tuambie mambo matatu. Jani la mche wa Nairobi ni moja zima, au limegawanyika vijani vidogo vidogo? Umanjano wa ule wa pwani uko kwenye majani ya juu au ya chini, na mishipa ya jani ina rangi gani? Na kingo za majani zimekauka?

UaLaUani
Wa Nairobi jani limegawanyika, nimehesabu vijani saba, cha mwisho ndicho kirefu. Wa pwani ni jani moja zima, la mviringo, linang'aa. Umanjano uko juu, kwenye machanga, na mishipa imebaki kijani. Kingo chache zimeungua rangi ya kahawia. Halafu kwenye maungio ya matawi kuna vitu vyeupe kama pamba, na sisimizi wanapanda na kushuka mchana kutwa.

Kitalu_Kilifi
Basi una mimea miwili tofauti kabisa, na kila mmoja una dawa yake.

Wa vijani saba ni *Jasminum polyanthum*. Asili yake ni China, na chipukizi za maua yake huwa na rangi ya waridi kwa nje kabla hazijafunguka. Huo hauwezi kuanza kutengeneza maua bila wiki kadhaa za usiku wa baridi, chini ya nyuzi 15 hivi. Mombasa, hata Julai wakati wa kusi, usiku haushuki sana chini ya nyuzi 20. Kwa hiyo hujakosea kumwagilia wala kukata. Utaota, utatambaa, utafunika ukuta wote, na ua hutaliona. Mbolea haiwezi kununua baridi.

Wa jani zima ndio asumini yetu, *Jasminum sambac*, ile ya vikuba, vishada vya maua ya kujipamba. Huo unapenda joto na mahali pake ni hapo ulipo. Tatizo lake ni chuma, na kwa mbali chumvi ya kisima. Namna ya kusoma majani ni hii: majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani ni ukosefu wa chuma, majani ya zamani ya chini yakiwa manjano yote, mishipa na vyote, ni ukosefu wa naitrojeni, kingo zilizoungua ni chumvi.

Acha CAN leo. Chukua SA, ile salfeti ya amonia, kijiko kimoja cha chai kila baada ya wiki sita, uisambaze mduara wa sentimita 30 kutoka kwenye shina kisha umwagilie. SA huongeza uchachu kidogo kwenye udongo. Chuma nunua cha keleti, yaani kilichofungwa kwenye kemikali inayokilinda na chokaa, chenye alama ya EDDHA kwenye pakiti. Wauzaji wengine watakupa EDTA kwa sababu ni rahisi. Kwenye chokaa hiyo huvunjika mapema na pesa inapotea. Kipimo fuata pakiti, mwaga shinani jioni. Majani yaliyokwisha kuwa manjano hayarudi vizuri, wewe angalia yatakayochipuka baada ya wiki tatu au nne.

Maji ya mvua kinga kwenye pipa. Yakiisha, tumia ya kisima lakini mara moja kwa wiki mwaga mengi sana, debe zima kwa shina, ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni ndiko kunakoijaza chumvi juu.

Zaituni_Tanga
Naongezea hapo. Kama chini ni jiwe, usihangaike kuchimba shimo na kulijaza udongo mzuri, maana maji ya chokaa yatarudi humo humo. Nusu pipa lenye matundu matano au sita chini linafaa zaidi, au chungu cha upana wa sentimita 40 au zaidi. Mchanganyiko: makarai mawili ya udongo mwekundu, karai moja la samadi iliyooza hadi haina harufu, karai moja la makumbi ya nazi yaliyolowekwa na kusuuzwa maji matamu mara tatu. Makumbi usipoyasuuza yana chumvi. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi na makombe yake ni chokaa ile ile.

Mwanabustani_Limuru
Kuhusu ule wa vijani saba: huku juu, baada ya baridi ya Juni na Julai, unajaa maua hadi majani hayaonekani. Mpe mtu wa Limuru, Nakuru au Lushoto. Ila asiukate mwezi wa Mei au Juni, kwa sababu maua hutoka kwenye matawi yaliyokomaa mwaka huo. Ukipita na mkasi kabla ya baridi, umeyakata maua yote. Ukatwe mara tu maua yakishapukutika.

Kitalu_Kilifi
Kweli, na asumini ya pwani ni kinyume chake. Hiyo huchanua kwenye ncha za matawi mapya, kwa hiyo usipokata unabaki na vijiti virefu na maua mawili matatu kule juu. Kila kundi la maua likiisha, punguza tawi theluthi moja, juu kidogo ya jozi ya majani. Mara moja kwa mwaka, Agosti, shusha mmea wote hadi magotini, sentimita 45 hivi. Usifanye hivyo sasa mmea ukiwa bado mgonjwa. Subiri majani yawe kijani kwanza.

Jambo jingine ambalo wengi hulikosa: asumini hii haijisokoti vizuri kwenye waya kama ule wa Nairobi. Ni kichaka kinachoegemea. Lazima uifunge mwenyewe. Waya ukae sentimita tano hadi kumi mbele ya ukuta, upepo upite, na mistari iachane sentimita 30. Funga kwa kitambaa au kamba ya mkonge kwa umbo la nane, kitanzi kimoja kwenye waya na kingine kilegee kwenye tawi. Matawi yalaze kwa mshazari badala ya kuyasimamisha wima. Tawi lililolala hutoa machipukizi kila pingili, na kila chipukizi ni maua.

Zaituni_Tanga
Hiyo pamba ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mmea. Sisimizi wanawalinda kwa sababu wanakunywa utamu ambao vidung'ata hutoa, kwa hiyo ukiwaua vidung'ata ukawaacha sisimizi, watawaleta wengine. Paka grisi kwenye waya unaposhikana na ukuta na kwenye kingo za pipa, kamwe si kwenye shina. Kisha lita moja ya maji, kijiko cha chai kimoja cha sabuni ya maji na kimoja cha mafuta ya mwarobaini. Tikisa, pulizia jua likishazama, chini ya majani na kwenye maungio. Rudia baada ya siku tano, mara tatu. Ukipulizia saa sita mchana utaunguza majani kisha useme mwarobaini ni mkali. Na kama maua ni ya kutia kwenye chai au maji ya kunywa, usichume yaliyopuliziwa.

UaLaUani
Ahsanteni sana. Wa Nairobi nitautoa. Je, ule wa pwani naweza kupata miche ya kujaza nafasi itakayobaki?

Kitalu_Kilifi
Mbegu haitoi kwa kawaida, tumia vipande. Chagua tawi lisilo laini wala kavu, ukilikunja linakaza kisha linapasuka. Sentimita 10 hadi 15, pingili tatu au nne, ondoa majani ya chini, mawili ya juu yakate nusu. Chomeka kwenye mchanga wa mto na makumbi, nusu kwa nusu, funika kwa chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa kitako, weka kivulini. Mizizi huchukua wiki nne hadi sita. Usivute kipande kuangalia.

Njia isiyokosea sana ni kulaza tawi: lichune ganda kidogo upande wa chini, lizike sentimita tano hivi huku limeshikana na mama, liwekee jiwe juu, ncha ibaki nje. Miezi miwili hadi mitatu unalikata. Lakini chukua kutoka kwenye matawi yasiyo na pamba, la sivyo utahamisha vidung'ata pamoja na mche.